Kanda Ilipogeuzwa: Kamera, Kichanga na Macho ya Mama

Kuna tukio dogo katika historia ya utafiti wa watoto wachanga ambalo vitabu hulipitia kwa sentensi mbili tatu, kisha vinaendelea na mambo yao. Lilitokea katika nchi ya Wagusii, magharibi mwa Kenya, katikati ya miaka ya 1970. Watafiti wa Kimarekani walikuwa wamefika huko na mashine ya video, wakirekodi akina mama na vichanga vyao. Safari hiyo wakageuza mambo. Wakawaonyesha wale akina mama kanda za wanawake wa Kimarekani wakiwa na watoto wao. Mtoto kwenye kanda akaanza kulia. Mama yake hakufanya haraka kumtuliza. Akina mama wa Kigusii wakafadhaika. Mtoto analia, mama yupo pale pale, sasa anasubiri nini?

Nimelisoma tukio hilo mara kadhaa na kila mara linanikaa kichwani. Kwa miaka mingi kamera ilikuwa ikitazama upande mmoja: aliyesoma anamtazama asiyesoma, mgeni anamtazama mwenyeji, halafu anaondoka na alichokiona. Siku hiyo, kwa muda mfupi tu, aliyekuwa anatazamwa akapewa kiti cha mtazamaji. Na mara moja akaona jambo ambalo wenye kamera hawakuwa wamefikiria kuliuliza.

Naandika haya nikiwa Mpanda, mkoani Katavi. Mji wetu haujulikani kwa maabara. Reli ililetwa hapa kwa sababu ya madini ya risasi ya Mukwamba, mkoa wenyewe umezaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, na tukitajwa kwenye habari basi ni mahindi, dhahabu au viboko wa mto Katuma. Lakini watafiti wanafika. Mwanaanthropolojia Monique Borgerhoff Mulder alianza katika miaka ya 1990 kufuatilia ndoa, uzazi na maisha ya kaya za Wapimbwe, na watafiti wengine wakaja kuangalia lishe na afya ya watoto huko huko Mpimbwe. Kazi za namna hiyo zilibebwa zaidi na dodoso, mizani na daftari. Siku hizi kila mtu ana kamera mfukoni, mtafiti na mama mwenyewe. Kwa hiyo swali la nani anamtazama mtoto wetu, na nani anaruhusiwa kuonyeshwa alichokiona mwingine, limeshafika mlangoni. Afadhali tujue limetoka wapi.

Daftari la Kampala

Mwaka 1954 Mary Ainsworth alifika Kampala akifuatana na mumewe, Leonard, aliyekuwa amepata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki pale Makerere. Yeye alikuwa mwanasaikolojia, na hakutaka kukaa bure. Akaanza kutembelea vijiji vya jirani na mji, yeye na mkalimani wake, akiingia nyumba moja baada ya nyingine kila baada ya wiki mbili hivi, anakaa saa mbili, anaangalia, anauliza, anaandika. Akina mama walikuwa 26 na watoto 28. Kitabu chake juu ya watoto hao wa Kiganda kikatoka mwaka 1967.

Aliona nini? Aliona mtoto anayetambaa kwenda kuchunguza kikapu kule pembeni, kisha anageuka kumtazama mama, kisha anaendelea. Akitishika, anarudi mbio kwa mama. Mama amekuwa kituo: mtoto anatoka pale na anarudi pale. Kutokana na mambo kama hayo Ainsworth akajenga sehemu yake ya nadharia ya mfungamano kati ya mtoto na mlezi, ambayo baadaye alikwenda kuiendeleza Baltimore, Marekani. Wanafunzi wengi wa ualimu na ustawi wa jamii wanaisoma kana kwamba ilizaliwa Baltimore. Mizizi yake iko kwenye nyumba za Buganda.

Ila kuna tatizo, na ndilo linalotuleta kwenye kamera. Leo ukitaka kuwaona wale watoto 28, utawaona kwa macho ya Ainsworth peke yake. Alikuwa mwangalizi makini sana, hilo halina ubishi. Lakini alichokiacha nje ya daftari kimepotea. Huwezi kurudi pale ukamtazama bibi aliyekuwa ameketi pembeni, wala dada mkubwa aliyembeba mtoto nusu ya siku. Daftari linahifadhi kile ambacho mwandishi alikwishaamua kuwa ni cha maana.

Miaka hiyo hiyo, mjini humo humo, daktari Mfaransa Marcelle Geber alikuwa anapima watoto kwa kutumia kipimo cha Arnold Gesell wa Chuo Kikuu cha Yale. Kipimo hicho kina uhusiano wa karibu na kamera. Gesell alikuwa na chumba maalumu chenye umbo la kuba, mtoto akiwekwa katikati na kupigwa filamu kutoka nje, na mwaka 1934 alitoa atlasi ya tabia za kichanga yenye picha 3,200. Kutokana na kazi yake zikapatikana orodha za umri: mwezi huu mtoto anainua kichwa, mwezi ule anakaa, mwezi ule anasimama. Watoto wake walikuwa wa mji mmoja wa Marekani. Hao ndio wakawa rula.

Geber akaweka rula hiyo juu ya watoto wa Kampala, akakuta wanaitangulia. Wanashikilia kichwa mapema, wanakaa mapema. Maandishi yake ya mwaka 1957 yakazua mjadala mrefu. Wapo waliokimbilia kusema ni damu, ni rangi, Mwafrika anazaliwa hivyo. Ilibidi tusubiri hadi miaka ya 1970, Charles Super alipokaa na Wakipsigi wa Kokwet, Kenya, akaangalia kitu rahisi: akina mama wanafanya nini na watoto kila siku? Akakuta wanawafundisha. Wanachimba kishimo ardhini, wanamkalisha mtoto na kumwegemeza kwa nguo ili azoee kukaa. Wanamshika makwapani, wanamsimamisha, wanamtembeza. Katika yale waliyofundishwa watoto walitangulia. Katika yale ambayo hakuna aliyewafundisha, kama kutambaa, hawakutangulia.

Hapa Mswahili anaweza kucheka kidogo. Sisi tuna "kusimama dede" na tuna "kwenda tete". Lugha haiwezi kuwa na maneno hayo kama hakuna watu waliowahi kukaa chini mkekani, wakamshika mtoto vidole viwili na kumwambia dede, dede, huku nyumba nzima inapiga makofi. Ushahidi ulikuwemo kwenye kamusi. Hakuna aliyeuliza kamusi.

Kanda za Gusii

Sasa turudi Gusii. Robert LeVine alikuwa amefanya kazi huko tangu miaka ya 1950. Mwaka 1974 akarudi na timu iliyokaa hadi 1976: Sarah LeVine, daktari wa watoto T. Berry Brazelton, mwanasaikolojia Edward Tronick, na madaktari Suzanne Dixon na Constance Keefer. Tronick ndiye anayejulikana kwa jaribio la uso mkavu, lililochapishwa mwaka 1978: mama anacheza na kichanga, kisha anaambiwa aukaushe uso wake, asicheke wala kusema chochote. Kichanga kinashangaa. Kinatabasamu kumwita mama, kinarusha mikono, kinajaribu tena, halafu kinageuka pembeni na kununa. Jaribio lile lisingekuwa na nguvu bila video. Ukilitazama kwa macho tu utaona mtoto amechukia. Ukiipunguza kasi kanda ndipo unaona kwamba kabla ya kuchukia alijaribu mara nyingi kumrudisha mama yake.

Hiyo ndiyo zawadi ya video. Tabasamu la mtoto wa miezi miwili ni la kupita, hata kulisimulia huwezi. Nani alimtazama mwenzake kwanza? Nani aligeuza uso? Aliyekuwepo chumbani atakwambia kwa kukisia. Kanda inarudishwa nyuma, inasimamishwa, inatazamwa na watu wawili ambao hawakuambiana majibu, kisha wanalinganisha. Na miaka kumi baadaye mtu wa tatu anaweza kuja na swali jipya kabisa na kuiuliza kanda ile ile.

Gusii, watafiti waliwaomba akina mama wakae uso kwa uso na watoto wao wacheze nao, wazungumze nao. Akina mama waliona ni mambo ya kuchekesha. Utazungumza nini na mtu ambaye hajajua kusema? Lakini mgeni ameomba, basi wakafanya. Kanda zilipotazamwa polepole, jambo moja likajitokeza. Mtoto alipokuwa anapanda mori wa furaha, miguu inarushwa na macho yanang'aa, mama wa Kigusii alielekea kuutuliza ule mshindo. Mara nyingi aligeuza macho. Mama wa Boston, kwa upande wake, alielekea kuongeza kuni kwenye moto.

Ukiiona kanda hiyo peke yake, ukiwa umekaa ofisini mbali na Kisii, ni rahisi kuandika kwamba mama huyu hana habari na mtoto wake. Na kwa kweli, taarifa nyingi juu ya malezi ya Kiafrika zimeandikwa kwa haraka ya namna hiyo. Kilichowaokoa akina LeVine ni kwamba walikuwa wamekaa pale. Walijua kwamba mtoto yule halali peke yake usiku, kwamba akilia anachukuliwa na kunyonyeshwa bila kucheleweshwa, kwamba mwaka wa kwanza wa maisha lengo la mama ni mtoto apone, atulie, anenepe, katika nchi ambayo vifo vya vichanga vilikuwa ni habari ya kawaida. Maneno yatakuja, kuna wakati wake. Kitabu chao kikuu juu ya kazi hiyo, kilichotoka mwaka 1994, kinalieleza hilo kwa kirefu.

Kuna neno la Kigusii ambalo kila anayesoma kazi hiyo hukutana nalo: *omoreri*. Ni mtoto mkubwa kidogo, mara nyingi dada, anayekabidhiwa kichanga wakati mama yuko shambani. Msomaji wa Kiswahili hahitaji tafsiri. *Omoreri* na *mlezi* ni ndugu wa tumbo moja, mzizi wao wa Kibantu ni huo huo, wa kulea. Hapa Mpanda utamkuta kila mtaa: binti wa miaka minane, kitenge kimefungwa kifuani, mdogo wake mgongoni, na bado anaruka kamba. Kamera inayolenga uso wa mama na uso wa mtoto haimwoni binti huyo. Hayupo kwenye fremu. Na mgongo nao hauonekani, ingawa huko mgongoni ndiko kichanga cha kwetu kinakopitishia saa nyingi za siku, kinasikia sauti ya mbebaji kupitia mifupa, kinatikiswa, kinalala, kinaamka. Mazungumzo yapo, ila si ya uso kwa uso.

Ndiyo maana ile siku ya kugeuza kanda ni muhimu. Akina mama wa Kigusii hawakutoa maoni ya kupendeza wageni. Walifanya kile kile ambacho watafiti walikuwa wanawafanyia wao: walitazama mwenendo wa watu wa mbali, wakaona kasoro kwa kipimo cha nyumbani kwao. Miaka mingi baadaye Heidi Keller na wenzake walifanya jambo kama hilo kwa mpango kamili, wakiwaonyesha wanawake wa Nso wa Kamerun video za akina mama Wajerumani, na Wajerumani video za Wanso. Kila upande ulikuwa na la kusema juu ya mwenzake. Huyu aliona mtoto ameachwa mno alale chali peke yake, yule aliona mtoto anarushwarushwa mno.

Kanda haijielezi yenyewe. Hili ndilo somo ninalolichukua kutoka Gusii. Inahitaji mtu anayeijua nyumba ile akae pembeni yako akwambie: hapo hajampuuza, hapo anamtuliza.

Vichanga wa msituni

Ukitaka kujua ni vichanga gani wa magharibi mwa Tanzania waliotazamwa kwa muda mrefu na wanasayansi, jibu litakushangaza: ni wa sokwe. Gombe, Jane Goodall alianza mwaka 1960, Hugo van Lawick akaja na kamera zake za filamu miaka michache baadaye, na mtoto wa sokwe aitwaye Flint, aliyezaliwa 1964, akafuatiliwa tangu uchanga wake kuliko watoto wengi wa binadamu. Mahale, ng'ambo tu ya mpaka wa mkoa wetu, Toshisada Nishida na wenzake kutoka Japani walianza mwaka 1965, wakisaidiwa na Watongwe walioijua misitu ile. Ndugu wa Watongwe hao wako upande huu wa Katavi pia.

Mahale ndiko kulikotoka habari moja inayofaa kusomwa na kila mzazi. Mwaka 2011 sokwe aitwaye Christina alizaa mtoto wa kike mwenye ulemavu mkubwa. Hakuweza kukaa mwenyewe, wala kumshika mama vizuri kama watoto wengine wa sokwe wanavyoning'inia. Basi mama akawa anamtegemeza kwa mkono anapotembea. Dada yake mkubwa akawa anasaidia kumbeba, mama anapata nafasi ya kula. Mama hakumruhusu asiye wa familia ambebe. Mtoto yule aliishi karibu miaka miwili. Watafiti wa Kijapani waliofuatilia waliandika kisa hicho katika jarida la kisayansi, na dunia nzima ikasoma kwamba hata porini kilema hatupwi, kuna mkono wa mama na mgongo wa dada.

Nimekileta kisa hiki kwa sababu mbili. Kwanza, kinaonyesha faida ya kutazama kwa muda mrefu na kuwashirikisha wengine ulichokiona. Mwaka 2010 Nishida na wenzake walitoa ensaiklopidia ya tabia za sokwe wa Mahale ikiambatana na video, ili mtafiti wa Gombe au wa Guinea aweze kulinganisha kwa macho yake, asitegemee maelezo ya maneno. Pili, kinaonyesha mpaka. Sokwe ana jina, ana ukoo uliochorwa, uso wake unajulikana, na hakuna atakayemcheka shuleni. Mtoto wa binadamu atakua. Atakuwa na miaka ishirini, atatafuta kazi, atatafuta mchumba. Video yake akiwa uchi kwenye beseni, au akilia kwa njaa, au akishindwa jaribio fulani, bado itakuwepo mahali.

Maktaba yenye kufuli

Kwa miongo mingi jibu la watafiti kwa tatizo hilo lilikuwa kufungia. Kanda zikawekwa makabatini vyuoni, zikaota ukungu, mwenyewe akastaafu, mashine ya kuzichezesha ikaacha kutengenezwa. Familia ilitoa muda wake na uso wa mtoto wake, kisha vitu hivyo vikatumika mara moja tu.

Karen Adolph wa Chuo Kikuu cha New York, anayechunguza jinsi watoto wanavyojifunza kutembea, na Rick Gilmore wa Penn State, waliona huo ni ubadhirifu. Tangu mwaka 2012 wakajenga maktaba ya video za utafiti inayoitwa Databrary. Wazo lao ni la moja kwa moja. Dodoso unaweza kufuta jina. Video huwezi; uso ni jina. Ukiuziba uso umeua kile ulichokuja kukitafiti. Basi badala ya kujidanganya kwamba video inaweza kufichwa, linda mlango. Anayeingia awe mtafiti aliyedhaminiwa na taasisi yake kwa mkataba, na mzazi aulizwe waziwazi anaruhusu kiasi gani: ibaki kwa timu hii tu, watafiti wengine waione, au vipande vyake vionyeshwe darasani.

Ninaupenda utaratibu huo kwa jambo moja: unatenganisha ridhaa ya kurekodiwa na ridhaa ya kushirikishwa. Ya pili inaweza kuombwa baada ya kurekodi, mzazi akiwa ameshajua kilichotokea mbele ya kamera. Watu wengi wanazichanganya hizo mbili. Mama anaposema "haya, piga", hajasema "haya, sambaza".

Wazee wetu walikuwa na utaratibu wao. Katika nyumba nyingi, mtoto haonyeshwi ovyo kabla ya arobaini. Wageni wanasubiri, na anayeingia anaijua nafasi yake. Tunaiita mila, wengine wanaiita hofu ya kijicho, lakini ukiitazama vizuri ilikuwa sheria ya mlango: kuna anayeruhusiwa kumwona mtoto leo, kuna wa kesho, na mwenye kuamua ni wa nyumbani. Leo kichanga kina siku tatu na kiko kwenye status, kinatazamwa na watu mia mbili, nusu yao mama hawakumbuki walivyoingia kwenye simu yake.

Sheria mpya nayo imejaribu kuweka mlango. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Mtafiti wa kigeni anayekuja Katavi anahitaji kibali cha COSTECH, na wa afya anapita NIMR. Kwenye karatasi tuko vizuri.

Ridhaa ya nani?

Tatizo linaanza karatasi inapofika kijijini. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015/16 ulikuta Katavi inaongoza nchi nzima kwa mimba za umri mdogo: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba ya kwanza. Soma takwimu hiyo ukiwa umeishika fomu ya ridhaa. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kwa hiyo huku kwetu mtafiti anaweza kukuta watoto wawili ndani ya fremu moja, mmoja amembeba mwenzake, na anayeombwa saini ni mmoja wao. Je, asaini yeye? Asaini mama yake? Au yule bwana aliyempa mimba? Fomu iliyotengenezwa mbali na hapa haikumfikiria binti huyu. Sioni kamati inayoweza kulitatua hilo bila kukaa na wasichana wenyewe na kuwauliza.

Kuna upande wa pili pia, na huu ndio unaonisumbua zaidi. Tangu Desemba 2021 nchi ina Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Ni jambo jema. Wahudumu wanafundishwa kuwaambia wazazi: zungumza na mtoto, mtazame machoni, cheza naye tangu siku ya kwanza. Mimi sipingi. Mtoto wa leo anakwenda shule, na shule inataka maneno. Mama wa Gusii wa 1975 alikuwa anamwandaa mtoto kwa maisha mengine. Lakini ushauri huo una ukoo, na baadhi ya mababu zake ni kanda za Boston na majirani zake. Ukiuleta Mishamo au Usevya bila kujua huku watu wanawaleaje watoto wao, utamfundisha mama kujiona bubu. Utamwona binti aliyebeba mdogo wake ukaandika "mtoto ameachwa", kumbe mtoto yuko mgongoni kwa mtu anayemjua kuliko mtu yeyote duniani isipokuwa mama.

Njia ya kurekebisha hilo ni kuwa na video zetu: za mgongoni, za usiku, za shambani, za nyumba ya Msukuma na ya Mpimbwe na ya Mrundi aliyepewa uraia. Bila ushahidi huo tutaendelea kupimwa kwa rula ya Gesell. Kwa hiyo siwezi kusema kamera zisije. Nasema zije kwa masharti. Nakala ibaki nchini, mahali ambapo mwanafunzi wa Dodoma au Dar anaweza kuiomba bila kuandika barua New York. Wanaozitafsiri wawemo watu wa hapa, wanaojua Kipimbwe na Kisukuma na maana ya mama kugeuza uso. Ridhaa iombwe mara mbili, kabla ya kurekodi na baada ya kutazama. Na mtoto akifika miaka 18 awe na haki ya kusema futeni.

Sharti la kutazama ndilo rahisi kuliko yote na ndilo linalosahaulika. Halihitaji maabara. Ni shuka jeupe ukutani, projekta, jenereta kama umeme umekatika, na jioni moja. Wakaribishwe akina mama waliorekodiwa, na bibi zao, na wale mabinti wabebaji. Waonyeshwe kanda zao, na za wenzao wa mbali pia. Halafu mtafiti anyamaze, afungue daftari, aandike wanachosema, hasa pale wanapocheka na pale wanapokasirika. Mkono mmoja haulei mwana, tunasema. Na jicho moja halitoshi kumtazama.